Aliyeacha Dawa Si Mtoro

Dhahabu ikikatika Osiri, watu huhama. Ikisikika kwamba kuna shimo limeanza kutoa mawe mazuri Lolgorian, au Kakamega, au ng'ambo ya mpaka huko Tarime, vijana hufunga nguo zao kwenye gunia na kupanda pikipiki hadi Migori mjini, na kufikia jioni chumba walichokuwa wakilala kimeshapata mpangaji mwingine. Hakuna anayepita zahanati kuaga. Kadi ya miadi hubaki ndani ya suruali iliyoachwa kwa dobi. Tarehe ikipita, muuguzi hufungua rejista na kuandika kwamba mteja huyu ameacha dawa.

Dawa yenyewe ni PrEP, vidonge vya kinga vinavyomezwa na mtu asiye na virusi vya UKIMWI ili asivipate. Kidonge ni kimoja kwa siku, chenye tenofovir na emtricitabine ndani yake, dawa mbili ambazo zilianza maisha yake zikiwatibu wanaoishi na virusi. Kenya iliiruhusu itumike kwa kinga Desemba 2015, ikatoa mwongozo mwaka uliofuata, na tarehe 4 Mei 2017 Wizara ya Afya ikazindua usambazaji wake nchi nzima, bure katika vituo vya umma. Tangu hapo swali linaloulizwa kwenye kila mkutano wa afya wa kaunti ni moja: mbona wanaanza wengi na wanaobaki ni wachache?

Naona swali hilo limekaa vibaya. Mtu wa ARV, dawa za kutibu virusi, ana ugonjwa mwilini. Akiacha, virusi vinarudi juu, na kwa hiyo ni haki kumfuata. Mtu wa PrEP hana ugonjwa. Ana kipindi cha hatari, na kipindi hicho huja na kuondoka. Ukimpima kwa kipimo cha mgonjwa utamwona mtoro hata siku ambazo hakuhitaji dawa, na siku atakayoihitaji tena atakuwa anakuonea haya.

Tuangalie hatari hiyo inavyokuja na kuondoka katika pembe hii ya nchi. Osiri iko Nyatike, kaunti ya Migori, si mbali na Macalder, ambako wakoloni walichimba shaba na dhahabu na ambako jina lenyewe limekuwa Makalda midomoni mwa wenyeji. Siku hizi wachimbaji ni wadogo wadogo. Wanaume hushuka mashimoni kwa kamba na tochi ya kichwani. Wanawake huponda mawe, huyapeleka kwenye mashine ya kusaga, kisha huosha unga na kuukamata kwa zebaki, mikono mitupu ndani ya karai. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Kuna wiki tatu za kula kwa deni kwa mama wa chakula, halafu siku moja ya pesa nyingi taslimu ambazo zinataka kuisha usiku huohuo. Vibanda vya pombe na vyumba vya kulala wageni vimejipanga kandokando ya machimbo kwa kulifahamu hilo.

Ukishuka magharibi unafika ziwani: Sori, Muhuru Bay, na mashua za kwenda kisiwa cha Migingo. Ukipanda kaskazini unaingia fuo za Homa Bay. Huko kalenda ni mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, mashua hupumzika, na wavuvi hurudi kwao au huhamia ufuo mwingine. Mwanamke anayenunua omena ili akauze sokoni humtegemea mvuvi atakayempa samaki kabla ya wengine, na pale samaki walipopungua, bei imekuwa mara nyingi ni mwili wake. Biashara hiyo huitwa jaboya. Watu wengi hufanya kazi zote mbili, mgodini msimu mmoja na ziwani msimu mwingine.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, KENPHIA, ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya watu wazima wanaishi na virusi. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, Migori 13.0. Kwa hiyo mwanamke wa Osiri anayekutana na mwenzi mpya hayuko katika hesabu sawa na mwenzake wa Nyeri, hata wakiwa na tabia moja.

Basi, hatari yake inapanda siku ya pesa, inashuka wiki za njaa, inapanda tena giza la mwezi likirudi. Dawa yake imefungwa vidonge thelathini kwa chupa.

Habari ya kuacha na kuendelea haikuanzia Osiri. Ng'ambo ya ghuba, Bondo katika kaunti ya Siaya, ilikuwa moja ya sehemu za utafiti wa FEM-PrEP, pamoja na Arusha na miji miwili ya Afrika Kusini. Wanawake 2,120 waligawanywa, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu. Aprili 2011 utafiti ulisimamishwa kwa sababu hapakuwa na tofauti: maambukizi 33 upande wa dawa, 35 upande wa pili. Asilimia 95 ya wanawake walisema wanameza mara zote au karibu zote. Damu ilipopimwa, waliokutwa na dalili ya dawa hawakufika asilimia 40.

Magazeti yaliandika kwamba dawa imeshindwa. Miezi michache baadaye, Julai, yakaja matokeo ya Partners PrEP, utafiti wa jozi 4,747 za wanandoa wa Kenya na Uganda ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Dawa ileile ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Tofauti iko wapi? Mke au mume aliyekuwa Partners PrEP alijua hatari ina jina na inalala naye kitanda kimoja, na huyo mwenzake alijua kwamba yeye anameza. Kidonge kilikaa mezani. Msichana wa Bondo aliombwa ameze kila siku kwa ajili ya hatari ambayo wengi wao hawakuiona kuwa yao, tena kwa siri, na wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kidonge kinafanya kazi. Nami nadhani alimdanganya mtafiti kwa adabu, kama tunavyomdanganya daktari wa meno.

Watafiti waliofuata walifikiri tatizo ni kusahau. Dawa ya kusahau, kwa kizazi cha simu, ni ujumbe mfupi. Thika na Kisumu wasichana 348 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walipewa PrEP katika chupa zenye kifaa cha kunasa kila mara kifuniko kinapofunguliwa. Nusu walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, nusu hawakutumiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa miezi 24, chupa zilifunguliwa kwa wastani wa asilimia 27 hivi ya siku zilizotarajiwa, na makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Ujumbe haukuongeza chochote. Hawakuwa wamesahau.

Ili kuelewa walikuwa na nini, itazame chupa yenyewe. Ni ya plastiki nyeupe, fupi, ina kifuniko kipana, na ndani yake kuna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Ukitembea nayo mkobani inalia: vidonge thelathini vikigonga plastiki, sauti ambayo kila mtu wa Nyanza anaijua, kwa maana hakuna ukoo usiokuwa na mtu wa ARV. Juu ya karatasi yake limeandikwa tenofovir, jina lilelile lililo kwenye chupa ya anayetibiwa. Mume akiikuta chini ya godoro, atauliza swali ambalo lina majibu mawili tu, na yote mawili ni ugomvi: ama wewe ni mgonjwa na hukuniambia, ama unanidhania mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakumfikiria mtu anayelazimika kuuficha uzima wake.

Wanawake wamejitafutia njia. Wapo wanaojaza pamba juu ya vidonge ili visilie. Wapo wanaovihamishia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, au kwenye kikopo cha dawa nyingine, na kuitupa chupa chooni kabla hawajafika nyumbani. Muuguzi mzuri hasubiri kuulizwa. Anaonyesha pale pale mezani jinsi ya kuhamisha vidonge vichache vya wiki, kifuko cha unyevu kihamie navyo, vingine vibaki vimefungwa mahali pakavu, kwani joto na unyevu wa ziwani huharibu dawa iliyoachwa wazi. Dakika tatu za kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko hotuba ya nusu saa juu ya umuhimu wa kuzingatia dawa.

Na mwanamke aambiwe ukweli wa mwili wake. Dawa hii haifiki kwa wingi sawa kila mahali. Kwenye tishu za uke huwa kidogo kuliko kwenye tishu za njia ya nyuma, ndiyo sababu mwanamke ana nafasi ndogo ya kuruka siku kuliko mwanamume anayelala na wanaume. Kwake inafaa ameze siku 7 mfululizo kabla ya kuihesabu kinga kuwa imekamilika, na aendelee karibu kila siku. Wiki za mwanzo huenda kichefuchefu na kichwa vikamsumbua, kisha vikaisha. Asiyeambiwa haya huyafasiri mwenyewe. Kichefuchefu kijijini kina maana moja kwa mwanamke kijana, na mama mkwe hachelewi kuitaja.

Mahali pa kuchukulia dawa napo huvujisha siri. Kwa miaka mingi PrEP ilitolewa katika CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi, kwa sababu ndiko dawa na wahudumu walikokuwa. Kukaa kwenye benchi lile ni kujitangaza. Wajawazito walipata njia nyingine: utafiti wa PrIMA, katika kliniki 20 za mama na mtoto za Homa Bay na Siaya, ulijaribu kutoa PrEP hukohuko walikokuja kupimwa tumbo, ukihusisha wanawake zaidi ya 4,400. Hakuna anayemuuliza mwenye mimba anafuata nini kliniki. Mchimba dhahabu wa miaka 24 hana mlango kama huo. Yeye hafiki hospitali ila jiwe limemwangukia.

Ndipo nafika kwenye utafiti ambao, kwangu, umeeleza zaidi ya mingine yote. Unaitwa SEARCH, wa magharibi mwa Kenya na Uganda, na kuanzia 2016 ulipeleka PrEP katika vijiji 16, pamoja na vya kwetu huku ziwani. Dawa ilitolewa siku ileile mtu aliyotaka, na kujaziwa nyumbani, ufuoni, sokoni, popote palipompendeza. Watu 5,447 walianza. Sasa sikiliza: zaidi ya wanane katika kila kumi waliacha angalau mara moja. Kwa rejista ya kawaida hiyo ni aibu ya kufunga mradi. Lakini nusu ya walioacha walianza tena baadaye. Na maambukizi mapya yalipolinganishwa na ya watu wa hali kama zao kabla PrEP haijaletwa, yalikuwa yamepungua kwa asilimia 74.

Hesabu hizo mbili zinakaa katika kitabu kimoja. Walikuwa wakiacha, na walikuwa wakikingika. Inawezekana tu ikiwa wengi waliacha walipokuwa salama na kurudi hatari iliporudi, na ikiwa mlango wa kurudia haukuwa na mtu wa kuwafokea. Hawakuwa watoro; walikuwa wakitumia dawa kama wanawake wanavyotumia uzazi wa mpango, ambao hakuna mtu mwenye akili zake anayetegemea mama autumie bila kukoma kuanzia miaka 18 hadi 45.

Timu hiyohiyo ilikwenda mbele. Iliwapa watu uchaguzi: vidonge vya kila siku, au dawa za dharura za siku 28 ambazo huanzwa ndani ya saa 72 baada ya kukutana na hatari, na baadaye sindano ya cabotegravir ya kila miezi miwili. Mtu aliruhusiwa kubadilisha, kuchagua mahali pa kukutana na mhudumu, na kupiga simu saa yoyote. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024, ya watu 984, yalionyesha waliopewa uchaguzi pamoja na sindano walikuwa na kinga kwa wastani wa asilimia 69.7 ya muda wote. Waliobaki na huduma ya kawaida, asilimia 13.3. Katika kundi la uchaguzi hayakupatikana maambukizi mapya hata moja. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba sindano haikuua kidonge. Zaidi ya nusu walichomwa sindano wakati fulani, na zaidi ya nusu pia walimeza vidonge wakati fulani. Walihama kutoka moja kwenda nyingine, kama wanavyohama machimbo.

Kwa hiyo sijiungi na wanaosema sindano itamaliza maneno. Ni kweli inanyamazisha chupa: haina sauti, haina godoro la kufichwa chini yake. Lenacapavir, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza Julai 2025, huchomwa mara mbili tu kwa mwaka, na katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 walioipata aliyeambukizwa. Ni habari kubwa. Lakini mchimbaji aliyechomwa Nyatike huenda siku yake ya pili ikamkuta Lolgorian, na dawa hizi huisha mwilini polepole, kiasi kwamba anayeambukizwa wakati dawa imebaki kidogo anaweza kupata virusi vilivyozoea dawa. Kidonge kikikosewa hurekebishwa kwa chupa mpya. Sindano ikikosewa inahitaji kituo chenye sindano, huko alikokwenda, na mtu wa kumwamini kwamba alikwisha kuanza.

Halafu kuna suala la nani analipa. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na msamaha ulipotolewa kwa huduma za UKIMWI, PrEP iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Vituo vya kirafiki vilivyowahudumia wanawake wanaouza ngono na wavuvi vilifungwa sehemu nyingi, na wahudumu rika wakarudishwa makwao. Hao ndio waliokuwa wakijua nani amehamia wapi. Kaunti zikaanza kuichanganya huduma hii na ya wagonjwa wa nje wa kawaida. Foleni imekuwa ndefu, na nimesikia malalamiko mengi juu yake, lakini ndani ya shida hiyo kuna nafuu moja ambayo hakuna mfadhili aliyeipanga: benchi sasa ni la wote, la malaria na la kikohozi, na hakuna anayejua jirani yake amefuata nini.

Aliyebaki ni mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye tangu Septemba 2023 serikali inamlipa posho na kumpa simu ya kazi. Wengi wanataka atumwe kuwasaka walioacha. Mimi naogopa. Katika kijiji cha vibanda vya mabati, mtu wa zahanati akiulizia jina lako kwa majirani, siri imekwisha kabla hajakupata. Afadhali ajulikane alipo na namba yake iwe inapatikana, ili mwenye haja amtafute.

Anayerudi akimkuta muuguzi anayeijua kazi yake, mazungumzo huwa mafupi.

"Daktari, nilikuwa Lolgorian."

"Karibu, nyathina, mwanangu. Vidonge viliisha lini?"

"Kitambo. Nilipofika huko sikujua pa kuuliza."

"Sawa. Leta kidole tupime, tukimaliza unaanza leo. Siku saba za kwanza usisahau kondomu."

Hakuna kuulizwa kwa nini. Swali la kwa nini humfanya mtu atunge uongo, na uongo huo ataubeba kila miadi. Swali linalokosekana ni la upande wa pili, lile la kumuuliza mteja kabla hajaondoka: unahama lini, na wapi? Kule Thika, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwapa watu dawa za miezi sita pamoja na vipimo vya kujipima wenyewe, na hawakufanya vibaya kuliko wale waliorudi kliniki kila miezi mitatu. Basi anayejibu kwamba ni wiki ijayo, Tarime, apewe chupa za kumtosha msimu, kipimo cha mate cha kujipima atakapokuwa huko, karatasi isiyo na jina la kliniki inayoeleza alipofikia, na namba ya simu itakayopokelewa hata usiku wa siku ya pesa.